Jinsi ya Kutembelea Makumbusho ya Tanzanite Arusha na Duka Lake la Vito

Wakazi wengi wa Arusha na Moshi hupita Mtaa wa India, hatua chache kutoka Mnara wa Saa, bila kuwahi kupanda ghorofani katika jengo la Blue Plaza, ambako makumbusho yaitwayo The Tanzanite Experience yamewekwa pamoja na duka la vito. Wanaamini kwamba mahali hapo pametengwa kwa ajili ya watalii wanaorudi kutoka Serengeti, na kwamba mtu asiye na dola mfukoni ataonekana amepotea njia. Mwongozo huu unaandikwa kwa ajili yao kwanza. Jiwe linaloelezwa humo, kito cha buluu kiitwacho tanzanite, huchimbwa Mererani, wilaya ya Simanjiro katika mkoa wa Manyara, si mbali na uwanja wa ndege wa KIA, na hadi leo hakuna mahali pengine duniani linapochimbwa kibiashara. Mtu anayeishi mwendo mfupi wa gari kutoka kwenye migodi hiyo ana haki, na kwa maoni yangu ana wajibu pia, wa kulifahamu jiwe hilo kuliko mgeni atakayelala mjini usiku mmoja tu.

Shauri langu kuu nalitoa mapema: siku ya kwanza nenda ukajifunze kutazama, na kama una nia ya kununua, rudi siku nyingine. Makumbusho haya yanaishia dukani, na mtu aliyetoka kusikiliza historia ya kuvutia huwa mwepesi wa kufungua pochi kabla jicho lake halijazoea kutofautisha jiwe na jiwe. Mkazi wa hapa ana nafasi ambayo mtalii hana, nayo ni nafasi ya kurudi. Itumie.

Kujiandaa

Chagua asubuhi ya siku ya kazi, baada ya ukungu wa Meru kuondoka na jua kukaa sawa, kwa sababu utahitaji mwanga wa mchana kuliko kitu kingine chochote utakachokuta huko. Miezi ya Juni na Julai mawingu huweza kukaa juu ya mji hadi saa sita, na miezi hiyo hiyo na Agosti ndiyo yenye wageni wengi zaidi; ukienda wakati huo, sogeza ziara yako hadi saa saba au saa nane mchana. Piga simu kwanza uulize saa za kufungua na kama kuna kundi kubwa linalotarajiwa, maana mwongozaji mwenye wageni thelathini hawezi kukujibu maswali kwa utulivu.

Anayetoka Moshi atasafiri kilometa zipatazo 80 kupitia Boma Ng'ombe, njia panda ya KIA na Usa River, na akishuka stendi atachukua bajaji au bodaboda hadi Mnara wa Saa. Huhitaji mavazi ya pekee. Nguo safi za kawaida zinatosha. Beba daftari dogo, karatasi nyeupe isiyo na mistari na, ukiweza kuipata, lenzi ndogo ya kukuza mara 10 kama ile wanayotumia masonara. Mwanafunzi wa sekondari ni mwenzi mzuri wa ziara hii, kwa kuwa kemia na jiografia aliyoisoma ubaoni ataiona ndani ya jiwe analoweza kulishika. Mtoto mdogo sana atachoka, naye atakuharakisha.

Ndani ya makumbusho

Mwongozaji atakupokea na kukupitisha hatua kwa hatua, kuanzia kwenye njia iliyotengenezwa kwa mfano wa shimo la mgodi. Salimia vizuri, jitambulishe kwamba wewe ni mkazi wa hapa na kwamba ungependa maelezo kwa Kiswahili. Jambo hilo dogo hubadilisha ziara nzima, kwa sababu maelezo ya Kiingereza aghalabu yamekaririwa kwa ajili ya wageni, ilhali kwa Kiswahili mwongozaji husimulia anayoyajua.

Usipite haraka kwenye sehemu ya mgodi. Muulize mwongozaji akuoneshe ule mwamba mweusi wenye grafaiti, kwa sababu wachimbaji hufuata mikanda ya mwamba huo wakitafuta mifuko iliyobeba mawe, na mikanda yenyewe imekunjwa na kukatika kutokana na mgandamizo wa ardhi wa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ndiyo maana mtu anaweza kuchimba mwaka mzima bila kupata kitu, huku jirani yake akikutana na mfuko uliojaa. Muulize pia hewa inafikaje chini, maji yanatolewaje na mtu anapandaje juu. Machi 2008 mvua kubwa ilijaza maji mashimo ya Mererani na makumi ya wachimbaji wakafa humo. Mtu atakayefikiria kuvaa jiwe hili kidoleni anapaswa kujua habari hiyo kabla ya kuuliza bei, na mwongozaji mzuri hataona vibaya ukimwuliza.

Kisha huja historia ya ugunduzi, na hapa sikiliza kwa makini kwa sababu husimuliwa kwa namna zaidi ya moja. Mwaka ni 1967. Hilo halina mgogoro. Mwaka 2018, wakati wa kuzindua ukuta wa kilometa zipatazo 24 unaozunguka eneo la migodi, Rais John Magufuli alimtambua hadharani Mzee Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi na serikali ikamzawadia shilingi milioni 100. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, maandishi ya nje ya nchi yalimtaja zaidi Manuel de Souza, fundi nguo na mtafutaji madini aliyesajili maeneo ya uchimbaji mwaka huo huo wa 1967. Utasikia pia kisa cha radi iliyowasha moto mbugani na kuyageuza mawe ya kahawia kuwa ya buluu mbele ya wafugaji wa Kimasai. Kisa hicho kinapendeza, lakini moto wa nyasi hupita upesi mno kuweza kufanya kazi ya namna hiyo. Muulize mwongozaji anasimulia upande gani na kwa nini. Jibu lake litakufundisha mengi kuhusu jinsi sifa ya ugunduzi inavyogawanywa kati ya anayeokota jiwe na anayejaza fomu. Jina lenyewe lilitolewa na kampuni ya Tiffany & Co. ya New York, iliyoliingiza jiwe sokoni mwaka 1968, baada ya kuona kwamba jina la kitaalamu, zoisaiti ya buluu, halitauzika.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni pale jiwe ghafi linapowekwa kando ya jiwe lililochomwa na lile lililokatwa. Omba ulishike jiwe ghafi, ulinyanyue kuelekea dirishani na kuligeuza polepole. Tanzanite hutoa rangi tatu kulingana na upande unaolitazamia: buluu, urujuani, na nyekundu ya kahawia au njano ya kahawia. Madini ya vanadi yaliyomo kwa kiasi kidogo sana ndiyo chanzo kikuu cha rangi hizo. Jiwe likipashwa moto kwenye tanuri kwa nyuzi joto za Selsiasi zipatazo 500 hadi 600, ile kahawia huondoka na kuacha buluu na urujuani, na rangi hiyo haififii tena. Karibu mawe yote yanayouzwa yamepitia tanuri, na wafanyabiashara wa dunia nzima wanalikubali jambo hilo. Mawe machache hutoka ardhini yakiwa ya buluu tayari, lakini hata maabara hupata taabu kuyatofautisha na yaliyochomwa, hivyo usikubali kulipa zaidi kwa ahadi ya mdomo kwamba jiwe halijaguswa na moto.

Kama kuna meza ya mkataji, kaa hapo kwa muda. Mkataji ana uamuzi mgumu wa kufanya: mara nyingi, akilielekeza jiwe ili sura yake itoe buluu safi, hupoteza uzito mwingi, akitaka kuokoa uzito, sura itaelekea urujuani. Kwa vyovyote, zaidi ya nusu ya jiwe ghafi kwa kawaida huishia kuwa vumbi na vipande. Hapo ndipo utakapoelewa habari za Saniniu Laizer, mchimbaji wa Simanjiro ambaye Juni 2020 aliiuzia serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Ukigawanya fedha hizo kwa uzito utapata kama shilingi 540,000 kwa gramu, yaani takriban shilingi 108,000 kwa karati ya jiwe ghafi. Hesabu hiyo haikupi bei ya pete, kwa kuwa kati ya jiwe ghafi na pete kuna upotevu wa uzito, moto, ufundi, kodi, dhahabu na faida ya kila mkono uliolipitisha. Lakini inakusaidia kuona fedha zinaongezeka wapi.

Kutoka makumbusho kuingia dukani

Mlango wa duka hauna deni. Muuzaji atakukaribisha kwa heshima, na unaweza kumwambia waziwazi: "Dada, leo nimekuja kujifunza, sinunui, lakini ningependa kuona mawe matatu ya ubora tofauti." Muuzaji anayeijua kazi yake atafurahi, maana mnunuzi anayeelewa hurudi. Akianza kukunja uso, umepata taarifa muhimu kuhusu duka hilo bila kulipa senti.

Omba mawe matatu yenye uzito unaokaribiana, yasiyofungwa kwenye dhahabu, na uyapange juu ya karatasi yako nyeupe. Dhahabu na taa kali za kabati huficha udhaifu wa jiwe. Yatazame kwanza chini ya taa ya duka, kisha yasogeze dirishani. Chini ya balbu ya rangi ya manjano jiwe litaelekea urujuani, na kwenye mwanga wa mchana litaelekea buluu. Jiwe utakalovaa ofisini Njiro au kanisani Moshi litaonekana zaidi katika mwanga wa mchana, basi hukumu kwa mwanga huo. Rangi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya bei. Jiwe lenye buluu nzito iliyochanganyika na urujuani huthaminiwa kuliko jiwe lenye rangi hafifu, na kwa asili mawe madogo huwa na rangi nyepesi zaidi. Kwa hiyo usishangae kwamba kijiwe cha nusu karati hakifikii kina cha rangi cha jiwe la karati tano. Hakuna aliyekudanganya hapo.

Ukishaiona rangi, shika lenzi utazame ndani. Tanzanite nzuri huwa safi kwa macho matupu, na nyufa zinazofika juu ya uso ni hatari kuliko vijidoa vilivyozama ndani. Kisha tazama ukataji: jiwe likikuonesha katikati sehemu pana inayopitisha macho hadi kwenye karatasi, kana kwamba ni kioo cha dirisha, mkataji aliliacha likiwa bapa ili kuokoa uzito, na wewe unalipia uzito usiong'aa. Mwisho ndipo uulize uzito wenyewe. Karati moja ya jiwe ni gramu 0.2. Kwenye dhahabu karati hupima usafi, ambapo dhahabu ya karati 18 ina asilimia 75 ya dhahabu halisi; muuzaji akikutajia karati, hakikisha unajua anazungumzia jiwe au pete.

Herufi za A, AA na AAA zitatajwa mbele yako. Hakuna taasisi moja inayozisimamia duniani, kila duka au maabara ina kipimo chake, hivyo AAA ya duka moja inaweza kuwa AA ya jirani yake. Andika daftarini unachokiona wewe mwenyewe, pamoja na bei kwa kila karati, na siku nyingine utembelee duka la pili ulinganishe. Cultural Heritage, iliyopo barabara ya Dodoma nje kidogo ya katikati ya mji, ina duka la vito pamoja na nyumba kubwa ya sanaa, nayo inafaa kwa ulinganisho huo.

Swali moja usiliache: je, jiwe hili limepakwa kitu chochote juu yake? Mwaka 2008 maabara za vito ziligundua mawe halisi ya rangi hafifu yaliyopakwa utando mwembamba wenye kobalti ili yaonekane mazito, na utando wa aina hiyo hukwaruzika kingoni. Kuna pia mawe bandia ya kioo na ya forsteraiti, madini ya aina nyingine, iliyotengenezwa maabara. Kioo hakibadilishi rangi ukikigeuza, na hilo ndilo jaribio la kwanza ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya. Forsteraiti ni ngumu zaidi kuitambua kwa macho, ndiyo sababu jiwe la fedha nyingi linastahili kupelekwa kwa mtaalamu kabla ya malipo ya mwisho. Arusha ina Kituo cha Jemolojia Tanzania, kilicho chini ya Wizara ya Madini, kinachofundisha pia vijana kukata na kung'arisha vito. Mzazi mwenye kijana aliyevutiwa na meza ya mkataji kule makumbusho angefanya vyema kumpeleka huko aulize masharti ya kujiunga.

Siku ya kununua

Ukirudi kununua, amua kwanza kama unataka pete au kidani, kwa sababu uamuzi huo unategemea tabia ya jiwe kuliko mitindo. Ugumu wa tanzanite kwa kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, ni kati ya 6 na 7, na vumbi la kawaida lina chembe za kwatzi zenye ugumu wa 7, kwa hiyo jiwe hukwaruzika taratibu kwa kufutwa vumbi tu. Zaidi ya hayo, lina upande mmoja wa udhaifu ambao likigongwa hupasuka moja kwa moja, jinsi gogo la kuni linavyoachana likipigwa shoka kwa kufuata mshipa wake. Kwa mtu anayepika, anayelima bustani au anayeshika chaki kutwa, ningependekeza kidani au hereni bila kusita. Anayesisitiza pete ya ndoa achague ile ambayo jiwe limezungushiwa ukingo wa dhahabu pande zote, na aivue anapofanya kazi. Pete yenye kucha nne zilizonyanyua jiwe juu hupendeza kabatini, lakini ndiyo inayovunja mawe.

Bei ya mwisho hujadiliwa kwa adabu. Maduka mengi yana nafasi ya kupunguza, hasa ukitaja kwa utulivu bei kwa karati uliyoikuta kwingine. Dai risiti ya EFD yenye jina la duka na kiasi halisi ulicholipa, pamoja na hati inayoeleza aina ya jiwe, uzito wake kwa karati, vipimo vyake na kwamba limepashwa moto. Fahamu kwamba hati iliyoandikwa na duka lenyewe ni ahadi ya muuzaji, na hati ya maabara huru ni ushahidi wa mtu asiye na faida katika mauzo. Kwa jiwe la thamani kubwa omba ya pili. Kama kito kitapelekwa kwa ndugu aliye nje ya nchi, mweleze muuzaji tangu mwanzo ili akuandalie nyaraka za kusafirishia, kwa maana vito hukaguliwa uwanja wa ndege na risiti iliyosahauliwa nyumbani haitamsaidia mtu aliyesimama KIA.

Ukitoka barabarani unaweza kufuatwa na mtu mwenye karatasi iliyokunjwa iliyobeba mawe, akikuambia kwamba dukani umepunjwa. Wapo madalali halali wenye leseni ya Tume ya Madini, nao wana ofisi na vitambulisho. Asiyekuonesha leseni usimfungulie mazungumzo, hata kama ni kijana mwenye shida ya kweli, kwa sababu jiwe lisilo na karatasi linaweza kukuingiza hatiani wewe uliyelishika. Vilevile usijaribu kwenda Mererani kununua kwa mchimbaji ukidhani utakwepa gharama. Eneo la migodi limezungushiwa ukuta, watu huingia kwa utaratibu na hukaguliwa wanapotoka, na biashara ya mawe hufanyika chini ya usimamizi wa serikali.

Kito kikishafika nyumbani, kioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki wa nyuzi laini, kisha kikaushe kwa kitambaa. Usikipeleke kwa sonara akisafishe kwa mashine ya mtikisiko wala kwa mvuke, na usikitoe kwenye joto la jikoni ukakitia kwenye maji baridi, kwa kuwa mabadiliko ya ghafla ya joto hukipasua. Kihifadhi katika mfuko wake peke yake, mbali na vito vingine, na ukipeleka pete kuongezwa ukubwa, mwambie sonara kwa kinywa chako kwamba jiwe ni tanzanite ili alitoe kabla ya kuwasha moto wake.